Bi Chapa na Kibodi ya Shemeji

Ofisi nzima ilimwita Bi Chapa, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alianza kazi enzi za mashine za chuma, zile ambazo ukigonga kwa kidole kilegevu karatasi inapata kivuli cha herufi badala ya herufi yenyewe. Mwalimu wake wa uhazili aliwafundisha mambo mawili: gonga kwa uzito, na macho yasibanduke kwenye karatasi unayonakili. Bi Chapa aliyashika hayo kama wengine wanavyoshika dini. Mashine za chuma zikaenda zao, kompyuta zikaja, yeye akaendelea vilevile, mgongo wima, shingo imegeukia kulia kwenye kishikizo cha karatasi, vidole vinatwanga. Aliyeketi chumba cha pili angedhani kuna mtu anakatakata mboga kwa hasira.

Ofisi ilikuwa ya mwanasheria, mama wa makamo ambaye watu wote walimwita Mama Wakili. Kazi ya Bi Chapa ilikuwa kupiga chapa maelezo ya mashahidi, na chumba chake kilikuwa na mlango unaofungwa kwa ndani. Siri za ndoa, mirathi na ajali zilipita vidoleni mwake mwaka baada ya mwaka, na hata mdogo wake wa tumbo moja hakuwahi kusikia moja.

Watunza siri wengi ni watu wa kushuku, na yeye alikuwa hivyo tangu utotoni. Muuzaji akimchekea, anashika mkoba. Jirani akimletea sahani ya chakula, anauliza kuna nini. Hakuwa na ubaya wa moyo. Aliamini tu kwamba mtu mwema hachukii kuulizwa, na mpaka leo mimi sioni kosa katika imani hiyo. Kosa lilikuja baadaye, pale alipoacha kuuliza.

Mikono ndiyo iliyoanza. Vidole vilikufa ganzi asubuhi, kikombe kikamponyoka, kisha maumivu yakapanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Daktari alimwambia aipumzishe mikono au ajiandae kuipumzisha moja kwa moja. Bi Chapa alirudi nyumbani akiwa amenuna. Mjane asiye na mtoto, na kazi ambayo ndiyo mume na ndiyo mwana, atapumzisha mikono ale nini?

Mdogo wake aliposikia, alimleta mumewe. Huyu shemeji alikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja, mtu mpole wa maneno machache, ambaye mifuko yake ililia kwa skrubu kila alipoketi. Alikuja na karatasi nyeupe na penseli.

"Weka mkono hapa, shemeji. Tandaza vidole."

"Unanichukua alama kama mwizi?"

"Nachora urefu wa vidole. Kibodi za dukani zimetengenezwa kwa mkono wa kila mtu, maana yake hazikutengenezwa kwa mkono wa mtu yeyote. Nataka kukutengenezea yako, ya vipande viwili, kila mkono na chake. Mabega yatafunguka, viganja havitapinda."

Bi Chapa aliweka mkono, lakini jicho lake lilibaki kwenye penseli. "Na utanitoza nini?"

"Bure."

"Bure." Alilitamka neno hilo kana kwamba limeokotwa jalalani. "Hivyo vyombo vya kuchorea umevipata wapi?"

"Ni programu huria, shemeji. Moja ya kuchora bodi ya saketi, moja ya kuchora kasha, na nyingine inakaa ndani ya kibodi yenyewe, ndiyo akili yake. Wamezitengeneza watu wa huko na huko, wameziacha wazi. Unachukua, unabadilisha, ukipata jema unalirudisha kwa wengine."

"Watu unaowajua?"

"Siwajui."

"Wamekupa kazi yao, huwajui, na hukuwauliza wanataka nini."

Mdogo wake akaingilia kutoka jikoni. "Dada, mume wangu ni huyo huyo uliyemhoji miezi mitatu kabla ya posa. Hujamaliza tu?"

"Mahojiano hayana mwisho," alisema Bi Chapa. "Yana mapumziko."

Kazi yenyewe, kwa haki yote, ilifanywa vizuri. Shemeji alichora vibonye kwenye kompyuta, akavichapa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, akabandika karatasi kwenye kadibodi na kumwita Bi Chapa aweke vidole juu yake na kujifanya anapiga chapa. Safu ya kidole cha kati akaipandisha, ya kidole kidogo akaishusha. Vibonye vya gumba akavigeuza mara nne hadi Bi Chapa akasema "hapo" bila kuombwa. Bodi zilipofika alizilehemu kwenye meza ya kulia chakula, akaharibu kitambaa cha mezani, akasutwa na mkewe mpaka moshi wa risasi ya kulehemu ulipoisha. Kasha lililotoka kwenye mashine ya chuo ya kuchapa plastiki lilikuwa jeusi, limeinuka katikati kama mapaa mawili ya nyumba yanayotazamana.

Jambo moja aliongeza la msaada. Ili kidole kidogo kisihangaike kukimbilia pembeni kila mara kutafuta kibonye cha amri, kile kilichoandikwa Ctrl, alikipa kibonye cha herufi A kazi mbili. Ukikigusa na kukiachia, inatoka herufi. Ukikishikilia kidogo, kinakuwa cha amri. Alimweleza Bi Chapa, naye akaitikia kwa kichwa huku akitazama kitaa kidogo cha kijani kilichokuwa kikipepesa kwenye kona ya kasha.

"Hicho kinanitazama?"

"Kinaonyesha umeme umefika."

"Kinapepesa kama jicho."

"Basi nitakizima."

Alikizima. Lakini Bi Chapa alikuwa ameshakiona.

Wiki za kwanza aliandika polepole, kama mtoto anayejifunza kutembea, na mikono ikaanza kupona. Ganzi iliondoka, akaweza kusokota ufunguo bila kuuma meno. Angeweza kushukuru. Lakini kila shemeji alipokuja alileta maswali. Vidole vinagonga herufi gani zaidi? Maneno yanaendaje? Anaweza kuchomeka kompyuta yake kwenye kibodi kwa dakika chache, arekebishe kitu ndani? Mtu anayeuliza hivyo, aliwaza Bi Chapa, anatafuta kibodi au anatafuta maneno?

Siku moja shemeji alimwonyesha kwa furaha ukurasa mtandaoni. Pale palikuwa na michoro yote ya kibodi, na pembeni, mistari ya penseli ya viganja vyake viwili.

"Kuna mtu wa mbali ameshaanza kuitengeneza ya kwake," alisema shemeji. "Ana mikono kama yako."

"Umeianika mikono yangu kwa watu?"

"Ni umbo tu, shemeji. Hakuna jina."

"Anayeujua mkono wangu ananijua," alisema Bi Chapa, na siku hiyo hakumaliza chai.

Kisha maneno yakaanza kupotea. Mikono ilikuwa imepona, kasi ya zamani imerudi, naye aliporudia kusoma kazi yake alikuta mapengo. Aya ingeanza vizuri, ikafika katikati ya neno na kukatika, kisha inayofuata ikaanza kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuruka mstari. Alijaza mapengo bila kumwambia mtu, lakini swali lilimganda kifuani. Alijua amegonga, vidole vyake vilikumbuka kila herufi. Kama hazikufika kwenye kioo cha kompyuta, zilikwenda wapi?

Jibu alilolipata lilimtetemesha, kwa sababu lilifanana sana na ukweli. Kibodi ilikuwa na akili ndani yake. Akili hiyo iliwekwa na shemeji, naye alipewa na watu asiowajua. Na shemeji hakuchoka kuuliza maneno yanaendaje.

Palepale ikatokea kesi ya kiwanda. Mfanyakazi alikuwa ameumizwa na mashine, na msimamizi wa zamu alikubali kutoa ushahidi dhidi ya wenye mali kwa sharti kwamba jina lake lisijulikane mpaka siku ya mahakamani. Maelezo yake aliyapiga chapa Bi Chapa, mlango umefungwa. Siku chache baadaye watu wawili walimfuata msimamizi yule nyumbani kwake wakamtajia, neno kwa neno, aliyoyasema. Shahidi akaogopa. Akampigia simu Mama Wakili na kusema hakumbuki chochote.

Mama Wakili alimwita Bi Chapa na kufunga mlango.

"Maelezo yale tumeyaona watatu. Mimi, shahidi mwenyewe, na wewe."

"Mimi sijafungua mdomo, Mama."

"Najua, na ndiyo maana nakuuliza kabla ya kuhukumu. Lakini yametoka kwenye chumba chako. Nisipojua yalivyotoka, siwezi kukurudisha kwenye ile meza. Sitaweza kumwambia shahidi mwingine kwamba hapa pana siri."

Bi Chapa alitazama mikono yake. Nje ya meza ile hakuwa na kitu. Akasema, "Ni kibodi. Shemeji yangu ndiye aliyeitengeneza. Inameza maneno."

Aliyasema hayo bila kumuuliza shemeji hata swali moja. Mwanamke aliyemhoji kila mtu maishani mwake, siku ilipofaa kuhoji, alihukumu. Na hakuishia hapo. Jioni hiyo alimpigia mdogo wake. "Chunga nyumba yako," alimwambia. "Umelala na jasusi."

"Dada, hilo neno ukishalitoa halirudi."

"Sitaki lirudi."

Simu ikakatwa, na haikupigwa tena.

Mama Wakili hakuwa mtu wa kukimbilia polisi. Alimwita shemeji ofisini asubuhi iliyofuata. Alikuja na mkoba wake wa vifaa, akasimama mbele ya meza, skrubu zikilia mfukoni. Bi Chapa aliketi pembeni akitazama ukuta.

"Unatuhumiwa kwamba kibodi hii inapeleka maneno nje," alisema Mama Wakili. "Una la kusema?"

"Nikisema haipeleki, Mama, mtaniamini?"

"Hapana," alijibu Bi Chapa kabla ya mwenzake.

"Na mna haki. Basi msiniamini. Programu iliyo ndani iko wazi, kila mstari. Mpeni mtaalamu mnayemtaka nyinyi aisome, mimi nisiwepo." Akamgeukia Bi Chapa. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole, ila imepungua kitu. "Lakini kabla ya hapo, shemeji, nakuomba kitu kimoja. Hayo maneno yanapotea vipi? Hukuwahi kuniambia kwamba yanapotea."

"Ningekwambia ili uyatafutie njia nyingine?"

"Ungeniambia ili nitengeneze. Hebu kaa uandike kama unavyoandika siku zote. Usiandike kwa ajili yangu."

Waliingia chumbani kwake. Bi Chapa akaweka kwenye kishikizo barua ya zamani isiyo na siri, akanyoosha mgongo, akageuza shingo, akaanza. Mama Wakili alitazama kioo. Shemeji aliinama akatazama vidole. Kwa muda kulikuwa na kelele za kutwanga tu.

"Ngoja," alisema Mama Wakili. "Kuna kidirisha kimefunguka kwenye kioo."

Bi Chapa hakusikia. Macho yalikuwa kwenye karatasi, kama alivyofundishwa. Aliandika hadi mwisho wa aya, akagonga kibonye cha kushukia mstari, kidirisha kikatoweka, akaendelea na aya ya pili.

"Sasa simama," alisema shemeji. "Printa yenu iko wapi?"

"Kwenye korido," alisema Mama Wakili. "Tunatumia pamoja na dalali wa nyumba, chumba cha jirani."

Walipofungua mlango, mashine ilikuwa inanguruma, na mbele yake alisimama dalali, miwani imepanda kwenye paji la uso, karatasi ikiwa mkononi. Alikuwa anaisoma kwa makini ya mtu asiye na haraka.

"Hii ni yenu?" alisema. "Nilidhani ni mkataba wangu."

"Mkataba wako ndio umeanza na 'Ndugu Mkurugenzi, kuhusu maji ya bomba'?" Mama Wakili alinyoosha mkono akaichukua karatasi. "Hii ni ya ngapi kuidhani yako?"

"Mama, karatasi zinatoka hapa ovyo ovyo. Mtu anaokota."

"Anaokota na kusoma. Na wenye kiwanda si ndio uliowauzia jengo lao jipya?"

Dalali alishusha miwani yake machoni, akaipandisha tena. Alianza sentensi mbili na hakumaliza hata moja. Mama Wakili alimwambia wataonana, kwa sauti ambayo watu wazima huitumia wakimaanisha kuonana mahali penye shahidi.

Chumbani, shemeji alieleza polepole, kana kwamba anajisomea kosa lake mwenyewe. "Nimekosea mimi. Ule muda wa kushikilia kibonye nimeuchukua kama walivyouweka wenzangu, watu wanaogusa vibonye kwa ncha ya kidole. Wewe umefunzwa kwenye chuma. Unagonga, na kidole kinakaa. Ulipokuwa mgonjwa ulikuwa unagusa, ulipopona uzito ukarudi. Kibonye cha A kikadhani umekishikilia, kikawa cha amri. Herufi iliyofuata ikiwa P, kompyuta inaambiwa: chapa. Kidirisha kinafunguka, maneno yako yanaangukia humo na kupotea, na ukishuka mstari ni kana kwamba umesema ndiyo. Printa inatoa yote uliyokwisha kuandika."

Bi Chapa alitazama kidole chake kidogo cha kushoto. Mara ngapi kilisema ndiyo, naye akiwa anatazama kwingine?

"Kwa hiyo ni mimi niliyemtoa shahidi," alisema.

"Ni kibonye," alisema shemeji.

"Ni mimi, na kibonye, na yule msomaji wa korido. Mgawanyo nitaufanya mwenyewe." Akamgeukia Mama Wakili. "Mama, usiandike popote kwamba ni huyu. Nilimtaja bila kumuuliza."

"Meza ni yako," alisema Mama Wakili. "Umesema ukweli ulipokugharimu, na hilo nalihitaji hapa. Printa inahamia chumbani kwangu leo. Lakini shahidi harudi, Bi Chapa, na yule mfanyakazi ataingia mahakamani na mkono wake uliovunjika peke yake. Uliona mapengo ukayajaza kimya kimya. Ungeniambia siku ya kwanza, tungekuwa tumeiona printa kabla ya dalali. Hilo utakaa nalo."

"Nitakaa nalo," alisema Bi Chapa, na amekaa nalo.

Kwenda kwa mdogo wake ilikuwa kazi ngumu kuliko ya ofisini. Alikwenda mchana wa mapumziko, mikono mitupu, maana alijua zawadi ingeonekana rushwa. Mdogo wake alimfungulia mlango, akarudi kwenye kiti bila kumkaribisha.

"Chai ipo kwenye chupa, Dada. Maneno sina."

"Nimekuja na yangu." Alibaki amesimama. "Nilimwita mumeo jasusi. Si jasusi. Nilikosea, na nimesema hivyo mbele ya bosi wangu. Ningekwambia kwa simu, lakini tusi lililotoka kwa simu lazima lifutwe kwa miguu."

Mdogo wake alimtazama. "Kwa hiyo sasa unamwamini?"

Swali hilo lilikuwa na mtego, na Bi Chapa hakuwa mtu wa kudanganya ili apate kiti. "Namshuku kama ninavyoshuku watu wote. Tofauti ni kwamba nikishuku tena, nitamuuliza yeye kwanza."

"Huyo ndiye dada yangu," alisema mdogo wake kwa uchovu, akamsogezea kiti kwa mguu.

Shemeji alikuwa mezani, kibodi imefunguliwa mbele yake. Alikuwa ameiondolea herufi A kazi ya pili na kuhamishia amri kwenye kibonye cha gumba, ambako hata mkono wa chuma hauwezi kukosea. Hakumtania Bi Chapa kama zamani. Alimweleza alichobadilisha, mstari kwa mstari, naye Bi Chapa alivaa miwani akauliza kuhusu kila mstari, hata ile ambayo hakulielewa jibu lake. Hakuna kati yao aliyeona aibu kwa maswali hayo.

"Ile michoro ya mikono yako," alisema shemeji mwishoni. "Nimeona bora niifute mtandaoni."

"Yule mtu wa mbali, ameshatengeneza yake?"

"Anakaribia."

"Naye amefunzwa kwenye chuma?"

"Sijui."

"Basi usifute. Andika chini yake lililotokea. Andika kwamba mwenye mkono mzito asiweke kazi mbili kwenye herufi moja, kwamba karatasi zitatoka bila yeye kujua, na kwamba kuna mtu ameumia kwa hilo. Au nipishe niandike mwenyewe, wewe utafupisha."

Akaketi, akavuta vipande viwili vya kibodi karibu, akaandika aya nzima akitazama kioo muda wote, jambo ambalo mwalimu wake wa uhazili angeliona ni kufuru. Shemeji akaigeuza kwa lugha ya wale watu na kuiweka chini ya michoro. Kabla hawajamaliza chai jibu likafika. Mtu wa mbali alikuwa amesoma, amebadilisha ya kwake, na anashukuru sana.

Bi Chapa alilisoma jibu hilo mara mbili, kisha akainua uso.

"Anashukuru. Muulize anataka nini."

"Hataki kitu, shemeji."

"Muulize tu. Kwa adabu."

Mdogo wake aliangua kicheko, cha kwanza tangu siku ile ya simu, na shemeji, baada ya kusita kidogo, akaanza kuandika swali.